Bumu langu limeliwa na RAM ya uongo

Nilipotea kidogo, nilikuwa mazoezi ya kufundisha. Nimerudi salama hapa UDOM, ila nina jambo moyoni.

Wiki mbili kabla ya kuondoka, laptopu yangu ya mtumba, RAM GB 4, ilikuwa inajivuta vibaya. Fundi mmoja mjini akaniambia ana programu ya kuongeza RAM, shilingi 30,000. Bumu lilikuwa limeingia juzi yake, nikatoa. Kwenye kioo ikasomeka GB 8. Nikafurahi kama mtoto! Siku ya tatu kasi ileile, na hela ya kula imekwenda.

Jamani, RAM ni kama madawati. Darasa lina wanafunzi 60 na madawati 20. Mwalimu mkuu akiandika kwenye rejista kwamba yapo 40, watoto bado watakaa chini.

Na janja hii ni ya zamani. Mwaka 1995 kampuni ya Syncronys ya Marekani iliuza SoftRAM95, ikiahidi kuzidisha RAM mara mbili kwa watumiaji wa Windows 95. Watu walinunua kwa mamia ya maelfu. Wataalamu walipoifungua wakakuta haiongezi kitu, na mwaka 1996 tume ya biashara ya serikali ya huko ikaibana kampuni hiyo.

Msinielewe vibaya, si kila programu ya fundi ni utapeli. Microsoft ilifunga huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine nyingi za zamani zinakataliwa na Windows 11 kwa sababu hazina TPM 2.0 au prosesa inayotakiwa, hata kama bado zina nguvu. Hapo programu kama Rufus inasaidia kweli: inatengeneza flashi inayoruka ukaguzi huo. Lakini Rufus ni ya bure! Tena Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine iliyopitishwa kwa njia hiyo, na fundi anapaswa kukwambia hivyo kabla hujatoa hela.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kabla ya kulipa, uliza: kinachokosekana ni kifaa au ni ruhusa? Kama ni kifaa, dunduliza ununue RAM au SSD, hakuna programu itakayokiumba. Kama ni ruhusa, mlipe fundi ujira wa kazi yake na bando lake. Hiyo ni haki yake. Kukuuzia cha bure kama chake, hapana.

Mimi maandalio ya somo niliyaandika kwa mkono, kwenye daftari, usiku hadi usiku. Ile 30,000 ingekuwa mwanzo mzuri wa kununua RAM ya kweli.

Naomba kuwakilisha. Wadau mnasemaje?