Krimu ya kumaliza chunusi kwa siku tatu? Ogopa

Hiyo krimu unaijua hata kama hujawahi kuinunua. Inauzwa kwa kikopo cheupe kisicho na jina la kampuni wala orodha ya viungo. Muuzaji, ambaye mara nyingi ana ngozi ya kukutia wivu, anakuapia kwamba ni mchanganyiko wa asili na kwamba chunusi zako zitakuwa zimetoweka kufikia Jumapili. Unatuma pesa kwa simu, mtu wa boda anakuletea mpaka mlangoni. Na kweli, Jumapili ikifika uso unang'aa.

Hapo ndipo unafaa kuanza kuogopa, kwa sababu chunusi hazina dawa ya siku tatu.

Kila kitundu cha unywele usoni mwako kina tezi ya mafuta. Ukibalehe, homoni huisukuma tezi hiyo itoe mafuta mengi zaidi. Seli za ngozi zilizokufa, badala ya kupukutika, hugandana na mafuta hayo na kuziba kitundu. Kizibo kikifunikwa na ngozi unaona kipele cheupe, kikiwa wazi kinageuka cheusi. Weusi huo si uchafu, kwa hivyo wacha kusugua uso kama sufuria ya ugali. Kisha bakteria wanaoishi kwenye ngozi huongezeka mle ndani, pale mahali panavimba na kutunga usaha. Kile kipele ulichoamka nacho leo kilianza kujitengeneza wiki kadhaa zilizopita.

Sasa, kikopo cheupe kinafanya nini? Nyingi ya krimu hizi za miujiza huchanganywa na steroidi kali kama betamethasoni au klobetasoli. Steroidi hutuliza uvimbe haraka na kung'arisha ngozi, lakini kizibo kinabaki palepale. Ukiendelea kupaka, ngozi inakuwa nyembamba, mishipa midogo inaanza kuonekana, na steroidi yenyewe inaleta chunusi zake. Ukiacha, uso unalipuka na kuwasha. Unarudi kwa muuzaji, anakuuzia kikopo cha pili. Biashara tamu hiyo. Na wengine huongeza hidrokwinoni au zebaki, ambazo zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa Kenya. Zebaki huharibu figo, si uso tu.

Lakini siwezi kumlaumu muuzaji peke yake. Nani anakukimbiza kwake? Ni yule shangazi anayekuuliza mbele ya wageni kama huwa unaoga. Ni wale wasee wa mtaa wanaosema eti ukipata mpenzi zitaisha. Mtu akiaibishwa hivyo kila siku, atanunua chochote. Chunusi ni ugonjwa wa ngozi, tena wa kawaida sana, na haziambukizi.

Dawa zenyewe zipo, na mara nyingi hazifikii pesa unazoacha saluni. Nenda duka la dawa lililosajiliwa, uongee na mfamasia mwenyewe. Kwa chunusi za kawaida, muulize kuhusu jeli ya benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5, inayopunguza bakteria, na adapalini ya asilimia 0.1, inayozibua vitundu. Adapalini hupakwa usiku, kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima, wala si kwenye kipele kimoja kimoja. Kama una mimba au unapanga kuipata, usiiguse. Benzoili peroksaidi nayo hupausha nguo, kwa hivyo usitumie taulo ya mama.

Wiki za kwanza ngozi itakauka, pengine itabambuka na vipele viongezeke kidogo. Wengi huachia hapo, halafu wanasema dawa ni feki. Paka mafuta mepesi ya kulainisha ngozi, ukikosa kuvumilia ruka siku moja, lakini endelea. Matokeo huonekana baada ya wiki 8 hadi 12. Madoa meusi huchukua miezi zaidi kufifia, na jua huyafanya yakolee, basi tafuta krimu ya kukinga jua. Limau na dawa ya meno viache jikoni na bafuni.

Chunusi zako zikiwa kwenye paji la uso tu, chunguza mafuta mazito ya nywele na ile jeli ya kulaza nywele za mbele. Zikiwa ni majipu makubwa yenye uchungu, yanayoacha makovu, usipoteze muda dukani. Hizo ni za daktari wa ngozi.

Na kama tayari umepaka kikopo cheupe kwa miezi kadhaa, usikitupe leo ukidhani umemaliza. Muone daktari akuelekeze jinsi ya kuacha. Kibebe, hata kama hakina jina.