Kompyuta Isifiche Habari Zake

Nataka kusema machache juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, lakini kwa maoni yangu ni kubwa kwa shule yoyote iliyo mbali na mafundi, kama yetu hapa Kisawasawa. Nasema hivi: kompyuta zinazotumia Linux yafaa zionyeshe taarifa zake waziwazi kiooni, mbele ya macho ya kila anayezitumia.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki. Desturi yake moja njema, iliyorithiwa kutoka mifumo iliyoitangulia, ni kuandika daftarini mambo yanayotokea ndani ya mashine, kila jambo na saa yake. Njia hiyo ya kuandika, iitwayo syslog, ilitungwa na Mmarekani Eric Allman katika miaka ya 1980. Daftari hilo ni sawa na kitabu cha mkuu wa stesheni ya reli: gari limefika saa ngapi, limeondoka saa ngapi. Diski ikianza kuchoka, huandikwa. Umeme ukikatika ghafula, mashine iwashwapo tena huandika kwamba inatengeneza mafaili yake. Ubaya ni kwamba daftari hilo hukaa limefunikwa, wala hapana alisomaye mpaka mashine imekufa.

Sisi watu wa bonde la Kilombero hatungoji maji ya mto yatufikie kitandani ndipo tujue kwamba mto umejaa. Mwenye shamba huenda akatazama mapema. Kwa nini basi tungoje kazi za wanafunzi na alama za mitihani zipotee, ndipo tuulize diski ilikuwa na ugonjwa gani?

Wala kazi yenyewe si ngumu. Amri ya journalctl -f huonyesha kila mstari mpya mara tu unapoandikwa. Tena iko programu iitwayo Conky, ambayo huweza kuchora mistari hiyo pembeni mwa kioo, nyuma ya madirisha mengine, isimsumbue mtu kazini. Mwalimu husika ampe mtumiaji ruhusa ya kusoma daftari tu, bila kumpa uwezo wa kuharibu kitu.

Najua watakaonipinga. Wa kwanza watasema kwamba taarifa ni nyingi mno, zitawachanganya watoto. Ni kweli, lakini taarifa hizo zimepangwa katika daraja 8, tangu 0, ambayo ni hatari kuu, hadi 7, ambayo ni maneno madogomadogo ya mafundi. Tukiongeza -p 3 katika amri ile, tutaona daraja 0 hadi 3 peke yake, yaani makosa ya kweli. Hapo kimya kitakuwa ndiyo habari njema, na mstari ukitokea, kila mtu atageuza shingo.

Wa pili watasema kwamba taarifa ni za Kiingereza. Hilo nalo lina dawa. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisini kwa Kiswahili. Basi sisi tutashindwaje kufasiri maneno kumi na kuyabandika ukutani? Kwa mfano, mwanafunzi akiona I/O error pamoja na jina la diski, ajue kwamba mashine imeshindwa kusoma au kuandika, na kwamba yampasa kunakili kazi yake mahali pengine upesi, kisha amwite mwalimu.

Wa tatu ndio wenye hoja nzito, nao husema juu ya siri. Daftari la watu wanaoingia si la kuanikwa. Mtu akiwa na haraka huweza kuandika neno lake la siri mahali pa jina, na mashine ikaliandika vilevile lilivyo. Nakubaliana nao kabisa: daftari hilo lisomwe na mwalimu peke yake. Lakini siri ya mtu si sawa na ugonjwa wa mashine. Ya kwanza tuifiche, wa pili tuutangaze.

Walimu wetu wapendwa, nawaomba tuanze na kompyuta moja kwa muhula mmoja, na mwanafunzi wa zamu aandike katika kitabu kila kosa litakaloonekana. Nanyi wazazi, mnaochanga fedha za matengenezo, mtapata kujua zinakwenda wapi na kwa sababu gani. Na sisi wanafunzi tutaacha kuitazama kompyuta kama sanduku la mganga. Dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mawingu humfaa yule tu aliyeinua macho.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu