Ufa wa Kuziba na Ufa wa Kuandikia Barua

Ndugu zangu, wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Lakini hapa Gulfton yafaa tuulize kwanza, ukuta ni wa nani?

Mengi ya majengo haya ni ya miaka ya 1960 na 1970, yamezeeka. Bawaba ikilia, ipake sabuni kavu. Sinki likiziba, weka ndoo, ufungue bomba lililopinda chini yake, utoe taka. Koki ya maji iliyo nyuma ya choo, kila mtoto aijue. Huo ni ufundi wa heshima.

Ila ukungu ukiupaka rangi, umeficha ushahidi, na mtoto ataendelea kukohoa. Waya ulioungua ukiufunga utepe, umeulaza moto tu. Sheria ya Texas humtaka mwenye nyumba atengeneze kasoro zinazodhuru afya au usalama, mradi mpangaji hadaiwi kodi na ametoa taarifa. Basi msizuie kodi. Andikeni barua, itumwe kwa rejista, nakala ibaki. Kwa kawaida siku 7 huhesabiwa muda wa kutosha.

Anayeogopa Kiingereza, ana wajukuu. Kalamu nayo ni nyundo.