Kabla ya kulipia droni, muulize mpiga picha kuhusu senje

Kama unafunga ndoa mwaka huu, ama uko kwenye kamati ya harusi ya mtu (na ni nani hayuko? Simu yangu ina makundi manne ya WhatsApp na yote yananidai), leo nataka tuongee kuhusu picha na video. Siongei kama mtaalamu. Chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokataa kupatikana, na tangu hapo Jumamosi zangu nyingi hapa Shieywe zimeishia kwa harusi za watu: kwanza nikibeba taa, halafu nikishika maikrofoni, na siku hizi nikishuti klipu za simu kwa malipo. Kwa hivyo haya nayaandika kutoka nyuma ya kamera. Na kosa kubwa nitakalokusimulia nililifanya mimi.

Niliitwa kwa harusi moja hapa mtaani kama mtu wa klipu. Kama hujakutana na hii kazi, ni hivi: maharusi wana mpiga picha wao, wana mtu wa video, halafu kando yuko kijana mwenye simu nzuri ambaye kazi yake ni kurekodi vipande vya wima vya TikTok na Instagram. Mkataba wangu ulikuwa klipu tatu ziwe hewani kabla keki haijakatwa. Sawa. Mambo yakaenda. Baada ya chakula, emsii akampa senje wa bibi harusi maikrofoni. Mama mzee, kitambaa kichwani, viatu amevua. Akaanza kumwambia binti wa kaka yake namna ya kuishi na watu wa nyumba nyingine. Akaimba kidogo, akamtaja babu yake bibi harusi kwa jina, akachekesha watu kuhusu bwana harusi na kuku. Ilikuwa kama dakika saba.

Mimi nilichukua sekunde 11. Ile sehemu ya kuku. Nikakaa chini nikaanza kuediti.

Na mtu wa video? Alikuwa ametumwa nje kurusha droni, kwa sababu wingu la mvua lilikuwa linakuja (unaijua Kakamega, saa tisa ikifika usiibishane na mbingu) na kamati ilitaka tenti zionekane kutoka juu kabla hazijalowa. Mpiga picha alipata picha mbili za senje, nzuri sana, lakini picha haina sauti.

Klipu yangu ilipendwa. Watu walicheka kwa maoni. Miezi mitano baadaye bibi harusi akanipigia. Senje alikuwa amefariki, familia inajiandaa kwa matanga, na wanauliza kama niko na ile hotuba yote. Nikamwambia ukweli. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi nitumie hizo kumi na moja."

Tangu siku hiyo nimekuwa msumbufu. Nikiambiwa kuna harusi, swali langu la kwanza ni nani atamrekodi senje.

Sasa usinielewe vibaya, mimi sichukii trendi. Nyingine ni tamu kweli. Ile ya picha za flashi kali na ukungu wa mwendo, ambapo watu wanacheza na nuru inavutwa kama rangi iliyomwagika, naipenda. Kamera ndogo za video za zamani, zile za miaka ya 2000 zilizokuwa zikikaa kabatini, zimerudi mikononi mwa vijana na zinaipa harusi sura ya nyumbani. Video ya siku hiyohiyo, inayoonyeshwa kwenye skrini wageni wakiwa bado wanakula, nikiiona inafanya kazi huwa nasahau kula. Hata kwenda msitu wa Kakamega kupigwa picha kabla ya harusi, ama kupanda kilima cha Lirhanda asubuhi ukungu ukiwa bado chini, hilo siwezi kulipinga. Tuna msitu ambao watu wanapanda ndege kuja kuuona. Lipa tu kiingilio na uulize getini kuhusu kamera kubwa kabla hujavaa gauni.

Mengine ni moshi tu. Kihalisi. Ule moshi mweupe wa kucheza juu ya mawingu ukishauona kwa harusi tatu umeuona. Kamera ya 360 inayozunguka watu wakirusha pesa bandia, sijui itamwambia nini mtoto wako 2045.

Lakini shida yangu haiko kwa vifaa. Iko kwa hesabu ya macho. Siku ya harusi ni ndefu na watu wenye kamera ni wawili ama watatu. Kila dakika wanayotumia kutengeneza tukio, hawarekodi tukio. Ukimwambia mtu wa video akupatie droni, mwendo wa polepole wa viatu, pete juu ya jiwe, wapambe wakishuka kwa gari mara nne kwa sababu mara ya kwanza walicheka vibaya, anakupa. Analipa kwa dakika zako. Na zile anazokata kwanza ni za wazee, kwa kuwa wazee huongea polepole, kwa Kiisukha ama Kitiriki, na hazina klipu ndani yake.

Halafu kuna isukuti. Hapa naomba uniachie nafasi nipige kelele kidogo. Ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho iliwekwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Dharura! Na iko kwa harusi zetu, inapigwa mbele ya simu mia mbili, ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pembe inalia, na sisi tunafanya nini? Tunanyamazisha sauti na kuweka amapiano juu. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko nitakavyokubali hapa. Simu yenyewe haisaidii: ngoma kubwa ikipigwa karibu, maikrofoni ya simu inajibana yenyewe na unachosikia baadaye ni kitu kama mlango unaogongwa. Dawa yake si ghali. Kirekoda kidogo cha sauti mezani, ama maikrofoni ya kubana kwenye nguo ya kiongozi wa kikundi, na usimame mbali kidogo. Isitoshe, wimbo maarufu uliouweka juu unaweza kuzimwa na mtandao kesho kwa sababu ya hakimiliki, na utabaki na harusi bubu.

Twende kwa jambo ambalo hakuna anayekwambia mapema: video zako zinakaa wapi. Kamera ya 4K inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde inakula gigabaiti 45 kwa saa moja. Kamera mbili, saa sita kila moja, ni gigabaiti 540. Harusi moja tu. Kijana anayefanya harusi tatu kwa mwezi akijaza diski hununui wewe ya pili, yeye ndiye anayeamua cha kufuta. Na atafuta ya aliyelipwa video yake fupi akanyamaza. Si ubaya wake, ni nafasi. Ndio maana nasema: siku unapolipa malipo ya awali, peleka diski yako mwenyewe. Mwambie nataka ile ndefu na zile mbichi zote ndani ya hii, hata kama sitaziangalia. Ukishaipokea, tengeneza nakala nyingine iwekwe kwa nyumba tofauti. Mjomba wako wa Mumias ana droo.

Nikiwaza hivi huwa nakumbuka studio ya N. V. Parekh kule Mombasa. Watu walienda pale miaka ya 1950 na 1960 wakiwa wamevaa vizuri, wakapigwa picha moja mbili, na leo picha hizo zina kitabu chake. Sisi tunapiga elfu tatu kwa siku moja na hatujui ziko kwa simu gani.

Na ni za nani? Wengi wenu mnadhani picha ni za aliyepiga. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kifungu cha 31, inasema kazi ikiagizwa na mtu ambaye si mwajiri wa mtengenezaji, hakimiliki huhesabiwa kuhamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Hayo maneno ya mwisho ndiyo ya kuangalia. Mikataba mingi niliyoona inasema mpiga picha anabaki na haki na anaweza kukutumia kwa matangazo. Si vibaya, anatafuta kazi ijayo kama wewe. Lakini soma kabla ya kutia sahihi, halafu mpunguziane: atumie picha zenu nyinyi wawili, asitumie za watoto, asitumie ya mama akilia.

Watoto hasa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi ama mlezi. Usifikiri ni karatasi tu. Septemba 2023, afisi ya kamishna wa data ilitoza shule moja Sh4.55 milioni kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila ridhaa ya wazazi, na klabu moja Sh1.85 milioni kwa kumweka mteja kwenye ukurasa wake bila kumuuliza. Wale ni wafanyabiashara. Mtu wa klipu anayelipwa naye ni mfanyabiashara. Mimi pia, tazama nilivyojichongea. Na sisi watu wa Kakamega hatuhitaji kufundishwa picha ya mtu asiyejua anapigwa inaweza kufanya nini. Muliro Gardens iko palepale, na kila Mkenya mwenye simu anajua mzaha wake.

Kule Pwani wako mbele yetu kwa hili. Harusi za Waswahili Mombasa na Lamu, usiku wa wanawake, mara nyingi mpiga picha ni mwanamke, na wageni huambiwa waziwazi simu zikae mkobani. Bibi harusi anacheza anavyotaka bila kuwaza ataamkia wapi kesho. Sisemi tuige yote. Nasema wameamua mapema nani aone nini, na sisi huamua baada ya klipu kusambaa.

Droni nayo, kwa kuwa najua utaikodi tu hata nikiandika vitabu vitatu: kanuni za 2020 zinataka isajiliwe na mamlaka ya usafiri wa ndege, KCAA, na anayeirusha kwa biashara awe na kibali. Mji wetu una uwanja wa ndege, mdogo lakini upo. Muulize kijana akuonyeshe karatasi. Akianza kucheka, tafuta mwingine. Na irushwe wakati watu wanakula, wala si wakati mtu ameshika maikrofoni.

Kuhusu pesa nitasema kidogo kwa sababu naumia. Nimekaa kwa mikutano ya kamati ambapo keki inajadiliwa nusu saa na picha dakika mbili: "Si uko na simu?" Halafu baadaye mnashangaa kazi imechelewa miezi minne. Huyo kijana anahariri usiku kwa kompyuta ya mkopo, stima ikipotea anaanza upya. Ukitaka atoke mbele ya tenti aende akakae na kukhu wako dakika ishirini kabla ya ibada, amuulize harusi yake mwenyewe ilikuwaje, hiyo ni kazi na ilipwe. Punguza orofa moja ya keki. Hakuna mgeni atakayehesabu.

Na kuna wapiga picha wenzangu watanikasirikia kwa hili, lakini nao wajibu: kwa nini ukurasa wako wote ni wa watu wa miaka ishirini na tano? Harusi ya Mluhya ina watu wa kila umri, ina ugomvi wa viti, ina mpishi ambaye hajalala, ina mzee aliyepotea akapatikana kwa jirani. Yote hayo hayahitaji moshi. Yanahitaji mtu mvumilivu na betri ya ziada.

Mimi nimebadilisha vitu viwili. Nimenunua maikrofoni ya kubana nguoni, ya bei ya chini, na haikosi mfukoni. Na kabla ya kila kazi naomba maharusi wanitumie majina ya watu ambao sauti zao lazima nizipate zikiwa nzima, hata kama hakuna klipu hata moja itakayotoka hapo. Wengine hushangaa. Wengine hujibu siku hiyohiyo.

Jumamosi hii niko kazini tena. Bwana harusi amenitumia majina sita. La kwanza ni la kukhu wake, na kando yake ameandika: anaketi upande wa kushoto, haoni vizuri, usimwashie taa usoni, na ukimkuta amelala mngoje aamke.