Shilingi Inayorudi Mezani

"Umemsikia mbunge wetu? Kawasha moto!" Simu inapita mkono kwa mkono hapo kijiweni, kahawa inapoa, na kwenye kioo mheshimiwa analitaja daraja letu kwa jina. Video yenyewe dakika moja na nusu. Ikiisha, mzee mmoja anatoa hukumu: "Huyu anatupigania." Mjadala umefungwa.

Mimi nakataa. Imani kwamba mbunge hodari ni yule anayekitaja kijiji chake kila akishika kipaza sauti inatuponza, na waheshimiwa wameshaijua bei yake.

Tazama kipindi cha maswali Dodoma. "Je, Serikali ina mpango gani wa kujenga daraja hilo?" Naibu Waziri anasimama na karatasi yake: litajengwa kulingana na upatikanaji wa fedha. Maswali mawili ya nyongeza, jibu lilelile limevalishwa kanzu nyingine, twende swali linalofuata. Hakuna aliyedanganya, wala hakuna aliyeahidi. Lakini video imepatikana.

Utamu zaidi uko kwenye Kamati ya Matumizi, bajeti ya wizara inapopitishwa. Mheshimiwa anaonya kwamba asiporidhika na maelezo atashika shilingi ya mshahara wa Waziri, yaani atatoa hoja ya kuiondoa. Haridhiki, anaishika. Anaomba wenzake wamuunge mkono, wanasimama, wanachangia kwa uchungu. Waziri anajibu upya, safari hii kwa upole, na shilingi inarudi mezani. Nimeshaiona ikishikwa na kuachiwa mara nyingi mno. Ingekuwa sarafu ya kweli, sura yake ingeshafutika. Kisha fungu linapita jinsi lilivyoletwa, bila daraja ndani yake.

Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Kuiomba haimo. Ombi la daraja lina pa kuanzia: kwenye baraza la madiwani, ambako mbunge naye ni mjumbe. Huko hakuna kamera, na viti vya waheshimiwa hukaa vitupu.

Najua nitaambiwa kwamba jimbo lisilosemewa husahauliwa. Sawa, lisemewe. Ila tukumbuke Februari 2008, Kamati Teule iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe ilipowasilisha ripoti yake kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond. Mwakyembe alikuwa mbunge wa Kyela, na ripoti ile haikuomba hata kalavati la Kyela. Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, Baraza la Mawaziri likavunjika. Sakata la fedha za akaunti ya Escrow, lililolipuka Bungeni mwaka 2014, nalo likawang'oa mawaziri. Fedha zinazoyeyuka kwenye mikataba ya namna hiyo ndizo madaraja yenyewe, na mbunge anayezifuatilia huko analitetea jimbo lake hata asipolitaja.

Juzi nilimuuliza yule mzee wa kijiweni: "Shikamoo mzee. Bajeti ya Serikali hupigiwa kura kwa kuitwa majina, mmoja mmoja. Jina la mbunge wetu lilipoitwa, alijibu nini?"

Akanywa kahawa yake kwanza. "Marahaba. Hiyo, mwanangu, hawajaturushia."