Mvutano wa sura ya simu: Urembo wa kampuni, mzigo wa mtumiaji

MJADALA wa muda mrefu kuhusu sura inayofaa kuonekana kwenye kioo cha simu ya mkononi ulifufuka upya Juni 9, 2025, pale kampuni ya Apple ya Marekani ilipotangaza mwonekano mpya wa simu zake za iPhone, uliopewa jina la Liquid Glass. Katika mwonekano huo, vitufe na menyu hung'aa na kupitisha nuru mithili ya vipande vya kioo vilivyowekwa juu ya picha.

Haikuchukua muda malalamiko yakaanza kusikika kwamba maandishi yaliyo juu ya kioo hicho hayasomeki vizuri, hasa pale picha ya nyuma inapokuwa na rangi nyingi. Apple ilirekebisha kiwango cha uwazi wa kioo hicho katika matoleo ya majaribio, ikatoa mfumo wa iOS 26 kwa umma Septemba 15, 2025, kisha katika toleo la iOS 26.1 la Novemba mwaka huo ikampa mtumiaji hiari ya kuchagua kioo chenye rangi nzito badala ya kile cha wazi.

Kwa anayetazama kwa mbali, hilo laweza kuonekana kuwa suala la urembo tu, kama kuchagua rangi ya pazia. Lakini kwa wakazi wa mijini ambao simu kwao ndiyo pochi, posta na saa ya ukutani, sura ya kioo hicho ina uzito mkubwa zaidi. Mtu asiyeweza kutambua mahali pa kubonyeza hujikuta akimkabidhi mwingine simu yake amsaidie, na wakati mwingine pamoja na simu humkabidhi namba yake ya siri.

Kambi mbili ndizo zimekuwa zikivutana. Ya kwanza inashikilia kwamba vilivyomo kwenye kioo vifanane na vitu halisi vinavyoshikika mkononi: kitufe kiwe na mwinuko na kivuli, daftari liwe na mistari, rafu ya vitabu iwe ya mbao. Ya pili inataka usanifu bapa, yaani rangi tupu, maandishi na alama nyepesi zisizo na kivuli wala mwinuko, kwa hoja kwamba kioo ni kioo na hakina sababu ya kujifanya ngozi au mbao.

Kambi ya kwanza ndiyo kongwe. Mwaka 1981 kampuni ya Xerox iliingiza sokoni kompyuta iliyoitwa Star, ambayo kioo chake kilipangwa mithili ya meza ya ofisini, yenye majalada na nyaraka juu yake. Januari 1984 Apple ikatoa Macintosh, iliyokuwa na pipa la kutupia yale yasiyotakiwa. Sababu ilikuwa bayana: wanunuzi wengi wa wakati huo walikuwa hawajawahi kugusa kompyuta, lakini hapakuwa na karani asiyejua jalada ni nini au pipa la taka hutumika vipi. Picha ya kitu kinachojulikana ikawa daraja la kumvusha mgeni kwenda kwenye kitu asichokijua.

Hoja hiyo ilipata nguvu zaidi mwaka 2007 iPhone ya kwanza ilipotoka. Simu hiyo iliondoa karibu vitufe vyote vya kushikika na kuweka kioo kitupu mahali pake. Ili kuifungua, mtumiaji alichorewa mfereji mwembamba chini ya kioo, ndani yake kukiwa na kipande chenye mshale, na maneno ya kumwelekeza asukume. Mtu aliyewahi kusukuma komeo la mlango aliweza kuelewa mara moja, bila kusoma kijitabu chochote.

Hata hivyo, kilichoanza kama msaada kiligeuka kuwa pambo. Mwaka 2010 programu ya vitabu ya iBooks ilikuja na rafu za mbao, na ile ya michezo ya Game Center ikatandikwa kitambaa cha kijani kama meza za kamari. Mwaka 2011 kalenda ya kompyuta za Mac ilivishwa ngozi yenye mshono, na mwaka 2012 programu ya Podcasts ikachorewa kinasa sauti cha zamani chenye magurudumu ya kanda. Mshono wa ngozi haumwelezi mtu abonyeze wapi. Nafasi ya kioo, ambayo ni haba, ikawa inaliwa na mapambo.

Microsoft ndiyo iliyokuwa ya kwanza miongoni mwa kampuni kubwa kuukataa mtindo huo waziwazi. Februari 2010 ilitangaza mfumo wa Windows Phone 7, ambao uso wake ulikuwa na vigae vya rangi moja na herufi kubwa, ukiwa umechota mfano kutoka mabango ya kuelekeza abiria katika vituo vya usafiri. Oktoba 2012 ikapeleka sura hiyo hiyo kwenye kompyuta kupitia Windows 8.

Ndani ya Apple, mabadiliko yalikuja pamoja na mabadiliko ya watu. Steve Jobs, aliyejulikana kwa kupenda mwonekano wa vitu halisi, alifariki dunia Oktoba 5, 2011. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 29, 2012, kampuni ilitangaza kuondoka kwa Scott Forstall, aliyekuwa mkuu wa programu za iPhone na aliyehesabiwa kuwa mtetezi mkubwa wa mtindo huo, kufuatia mzozo wa ramani zenye makosa. Usimamizi wa mwonekano ulikabidhiwa kwa Jony Ive, ambaye hadi wakati huo alikuwa akisanifu umbo la vifaa vyenyewe. Juni 10, 2013 Apple ilionyesha iOS 7: ngozi, mbao na vivuli vizito vikawa vimefutwa.

Google haikubaki nyuma, ingawa ilichukua njia ya katikati. Juni 2014 ilitangaza mwongozo wake wa Material Design, uliokubali rangi bapa lakini ukabakiza vivuli vyepesi, kana kwamba kila sehemu ya kioo ni karatasi iliyolazwa juu ya karatasi nyingine.

Wanaotetea usanifu bapa wana hoja nzito ambazo si haki kuzipuuza. Simu zilikuwa zimeanza kutofautiana sana kwa ukubwa wa vioo, na mchoro wa ngozi uliotengenezwa kwa kioo kimoja huharibika unaponyooshwa kwenye kingine, ilhali rangi tupu na maandishi hutanuka bila shida. Aidha, walisema, kufikia mwaka 2013 watu walikuwa wameshazoea kugusa vioo, hivyo daraja la kuwavusha lilikuwa limemaliza kazi yake.

Vilevile, mtindo wa vitu halisi haukuwa wa watu wote kama ulivyodaiwa. Daftari la njano lililochorwa kwenye simu za iPhone lilikuwa daftari la ofisi za Marekani. Meza ya kijani ilikuwa ya wacheza kamari. Kinasa sauti cha magurudumu ni kitu ambacho kijana aliyezaliwa katika miaka ya 1990 huenda hajapata kukigusa. Hadi leo, alama ya kuhifadhi kazi katika programu nyingi za kompyuta ni picha ya disketi, kifaa ambacho watumiaji wengi wa sasa wanakijua kwa picha hiyo tu. Mchoro wa kitu halisi humsaidia anayekijua kitu hicho. Kwa mwingine ni alama ya kukariri kama alama nyingine yoyote.

Lakini katika kuondoa mapambo, wasanifu waliondoa pia kilichokuwa na kazi. Kivuli kilicho chini ya kitufe hakikuwa cha urembo pekee. Kilikuwa kikimwambia mtumiaji kwamba hapa panabonyezeka na pale hapabonyezeki. Katika iOS 7, vitufe vingi viligeuka kuwa maneno yenye rangi tu, bila mpaka unaoyazunguka, yakawa ni vigumu kutofautishwa na maandishi ya kawaida. Hata ule mfereji wa kufungulia simu ulifutwa, yakabaki maneno peke yake.

Mtaalamu wa matumizi ya kompyuta, Jakob Nielsen, alitahadharisha mapema. Novemba 2012 alichapisha tathmini kali ya Windows 8, akilaumu kwamba ubapa wa mfumo huo uliwaficha watumiaji sehemu za kubonyeza. Mwaka 2017 kampuni aliyoianzisha pamoja na Don Norman, Nielsen Norman Group, ilitoa matokeo ya utafiti uliofuatilia macho ya watu 71 wakitazama kurasa 9 za tovuti. Kurasa hizo zilitengenezwa kwa sura tofauti, moja yenye vitufe vilivyojitokeza na nyingine yenye vitufe hafifu. Waliopewa vitufe hafifu walitumia muda zaidi kwa wastani wa asilimia 22 kutafuta walichoambiwa wakitafute.

Utafiti huo ulihusu kurasa za tovuti, na watafiti wenyewe walieleza kwamba madhara hupungua pale ukurasa unapokuwa na mambo machache na mpangilio uliozoeleka. Kwa maneno mengine, ubapa wenyewe haukuhukumiwa. Kilichohukumiwa ni ukosefu wa dalili.

Apple nayo ilirudi nyuma kimyakimya. Oktoba 2013, mwezi mmoja tu baada ya iOS 7 kutoka, sasisho lake lilimwezesha mtumiaji kupunguza miendo ya kioo iliyokuwa ikiwatia baadhi ya watu kichefuchefu. Machi 2014, toleo la iOS 7.1 likaleta hiari ya kurudisha umbo la vitufe. Mwaka 2015 herufi za mfumo zikabadilishwa. Hiari hizo zote, hata hivyo, ziliwekwa ndani ya mipangilio, mahali ambapo hufikiwa kwa urahisi na yule asiyezihitaji sana. Mzee ambaye haoni kitufe cha kawaida ndiye anayetakiwa kupita vitufe vingine kadhaa visivyoonekana ili aombe kuonyeshwa kitufe.

Methali isemayo mwenye macho haambiwi tazama huwafaa wenye macho mazima. Nguvu ya macho hupungua kwa umri, na maandishi ya kijivu juu ya weupe, yanayompendeza msanifu wa miaka 25 mbele ya kioo kikubwa cha ofisini, hupotea kabisa mbele ya msomaji wa miaka 60 aliye juani kwenye kituo cha basi. Wala kipimo hakikosekani. Tangu mwaka 2008 shirika la viwango vya mtandao, W3C, liliweka bayana kwamba utofauti wa mng'ao kati ya maandishi ya kawaida na yanapoandikwa usipungue 4.5 kwa 1.

Afrika Mashariki ina mfano wake katika suala hili. Machi 2007, miezi michache kabla ya iPhone kuanza kuuzwa, Safaricom ilizindua M-Pesa nchini Kenya, na mwaka uliofuata huduma hiyo ikaingia Tanzania kupitia Vodacom. Haikuwa na ngozi, mbao wala kioo. Ilikuwa menyu ya maneno matupu, ikimwambia mtumiaji achague kutuma au kutoa pesa, aandike namba, kisha aweke namba ya siri. Ilikuwa bapa kupita usanifu wowote wa California, lakini kila hatua ilitaja kwa neno kinachotakiwa. Mamilioni ya watu wakajifunza kuitumia kwa simu za bei ya chini.

Funzo lake ni kwamba dalili inaweza kuwa kivuli, mpaka, rangi au neno, mradi tu iwepo na ieleweke. Mvutano wa ubapa na uhalisia, kwa hiyo, umekuwa ukiuliza swali la kando.

Dalili zipo kwamba baadhi ya kampuni zimeanza kuliona hilo. Mei 2025 Google ilitangaza mabadiliko ya mwongozo wake, yenye vitufe vikubwa zaidi na rangi zinazotofautiana kwa nguvu. Kwa mujibu wa kampuni hiyo, tafiti zake 46 zilizohusisha washiriki zaidi ya 18,000 zilionyesha kuwa watu waliviona vitufe muhimu kwa haraka zaidi, na tofauti kati ya vijana na wenye umri mkubwa ikapungua. Hayo ni maelezo ya mwenye bidhaa na yapokewe hivyo, lakini walau kilichopimwa ndicho kilichostahili kupimwa.

Linalobaki ni suala la nani anaamua. Msomaji wa gazeti asiyependa sura mpya anaweza kununua jingine kesho yake. Mwenye simu hana nafasi hiyo, kwa kuwa sasisho linalobadili sura ndilo hilo hilo linaloleta kinga dhidi ya wezi wa mtandaoni. Akilikataa, anabaki wazi kwa wezi. Akilikubali, anaamka asubuhi akiwa mgeni ndani ya kifaa alichokilipia.

Kampuni zinaweza kuendelea kubadili mitindo kila baada ya miaka kadhaa, kwani biashara haiishi bila kipya. Zinachodaiwa ni jambo dogo: dalili za vitufe na maandishi yanayosomeka viwe ndiyo hali ya kawaida ya simu inapotoka dukani, na urembo wa kioo uwe ndio hiari inayofuatwa ndani ya mipangilio na yule anayeutaka.