Sarafu yenye kosa isisuguliwe

Wapo watu wengi waaminio kwamba kitu kikongwe huongezeka thamani kikisuguliwa kikang'aa. Kwa sarafu, hasa zile zilizotoka kiwandani na kosa, imani hiyo ni hasara tupu.

Chukua mfano wa senti ya Marekani ya mwaka 1955, yenye sura ya Rais Abraham Lincoln. Katika kiwanda cha Philadelphia, muhuri mmoja wa chuma uliandaliwa kwa kugandamizwa zaidi ya mara moja, na safari moja ukawa umesogea kidogo. Kila senti iliyopigwa kwa muhuri huo ilitoka na tarehe na maandishi yaliyorudiwa, utadhani mtazamaji ana homa. Zipatazo 20,000 au zaidi ziliponyoka, nyingine, yasemekana, zikiwa chenji ya pakiti za sigara. Leo hata iliyotumika huuzwa kwa zaidi ya dola 1,000.

Kuchakaa hupunguza bei, hilo halina ubishi. Sarafu ipitapo mifukoni huliwa kwanza pale palipoinuka. Wapimaji huipa daraja kwa kipimo cha 1 hadi 70, kilichotokana na kazi ya William Sheldon ya mwaka 1949, na hata iliyochakaa mno ina nambari yake. Iliyosuguliwa kwa majivu au kuchovywa katika maji ya ndimu hunyimwa nambari hiyo. Huandikwa tu kuwa ni halisi na kwamba imesafishwa. Shaba huanza nyekundu, ikageuka hudhurungi polepole kwa hewa. Asidi huila ngozi hiyo ya juu, majivu huacha mikwaruzo, na wekundu unaorudi si ule wa kiwandani.

Isitoshe, zipo senti za mwaka huo huo zilizopigwa kwa muhuri uliochakaa tu, ambazo tarakimu ya mwisho yaonekana kana kwamba imerudiwa. Hizo hazina bei kubwa. Kuzipambanua kwahitaji kuchunguza kingo za tarakimu kwa kioo cha kukuzia, na kingo hizo ndizo msuguaji azifutazo.

Mimi si mfanyabiashara wa sarafu. Nafundisha isimu, na usuguaji huo huo naushuhudia katika kazi za wanafunzi wetu na, tusifichane, za baadhi ya wahariri. Mwanafunzi hupewa utenzi wa kale wenye hati za Kiarabu aunukuu. Akikuta "mato" huandika "macho". Akikuta "kuteka" huandika "kucheka", akidhani anamfaa msomaji. Kina cha "to" hubomoka papo hapo. Baya zaidi ni pale mnakili wa kale mwenyewe alipoteleza, akaandika "macho" katikati ya vina vya "to". Hapo pana lahaja mbili, ya mtunzi na ya mnakili, zilizogandamizwa katika neno moja, na kosa hilo latudokezea utenzi ulipitia mikono ya nani. Mwanafunzi akilirekebisha kimyakimya, hakuna atakayejua kwamba lilikuwapo.

Ombi langu kwa walimu ni hili: matini iachwe kama ilivyo pamoja na makosa yake, marekebisho yawekwe katika tanbihi, na alama zitolewe kwa maelezo ya tanbihi hizo, si kwa unadhifu wa nakala.